Mikono ya Glenda Kwenye Kioo

Wewe uliyechelewa, vuta kiti. Na wewe uliyekuwa nami tangu mwanzo, vumilia mistari michache ili mwenzako asipotee.

Naitwa Virgil Hruska. Nilijenga matairi Akron, Ohio, mpaka wenye kiwanda walipokihamisha wakatuachia moshi. Nyumba yetu ikafuata kiwanda. Mimi na mke wangu Glenda tukabaki na pikapu, na nyumba ya magurudumu inayovutwa na pikapu hiyo, na ahadi moja: kabla moyo wake haujakataa kabisa, nitampeleka Larkhaven.

Larkhaven ni bustani ya michezo, Florida. Tulifika langoni pake tukiwa kwenye fungate, mwaka 1974. Asubuhi ileile chama chetu cha wafanyakazi kikaitisha mgomo, tukageuza gari. Glenda aliwaona farasi wa mbao wakizunguka kwa mbali, kupitia nondo za lango, basi. Tangu siku hiyo kila mwaka wenye kiwanda walikuwa na jambo lao. Sisahau. Majina yao yote ninayo kichwani.

Juma lililopita mliniacha Georgia, nikitoka mahabusu. Kijana mmoja kwenye kituo cha mafuta alimpigia Glenda honi mpaka dawa zikamdondoka, nami nikamvunja taya. Hakimu akanipa kifungo cha nje. Ngumi nyingine, popote pale, namalizia uzee wangu ndani.

Glenda alivua pete yake, akaiweka kiganjani mwangu.

"Apa."

"Naapa nini?"

"Mpaka nishuke kwenye yule farasi, mikono yako imekufa. Mtu akikutukana, imekufa. Akikutemea mate, imekufa."

Nikaapa. Sasa sikilizeni kiapo kile kilivyotufanya.

Tulipofika Florida tuliingia Kambi ya Misonobari. Ni kambi ya watu kama sisi, wazee waliouza vyote wakabaki na magurudumu. Wengine wanalipia kiwanja. Sisi tusio na kitu tunapewa kiwanja, umeme na maji, na kwa ajili hiyo tunasugua vyoo vya wale wanaolipa. Wanaita kujitolea. Nimeishi muda mrefu wa kutosha kujua kwamba tajiri akilipenda neno, ujue lina mfuko ndani yake.

Mnyapara wa kambi alikuwa Merle Tackett. Naye mzee, naye ana nyumba ya magurudumu, lakini alikuwa askari magereza huko Alabama na hakuwahi kustaafu moyoni. Mkewe Noreen ndiye aliyegawa funguo za vyoo.

Merle alituahidi jambo. Tufanye kazi msimu mzima bila kukosa, na juma la mwisho tupumzike, naye atatupa tiketi mbili za Larkhaven ambazo kambi hupewa bure.

Glenda akaanza kupanga. Wazee hawaendi Larkhaven kwa kukurupuka. Alishapanga tuingie lango likifunguliwa, kabla jua halijawa kali. Farasi kwanza, wakati moyo bado una nguvu. Halafu mashua, kwa sababu inapita kivulini. Mchana turudi tulale, ameze dawa, kisha jioni tukaangalie taa. Alishajua hata mabenchi yaliyo karibu na vyoo.

Alinunua fulana mbili za njano zinazofanana, kama wanavyovaa wenzi wote wanaokwenda kule. Nikamwambia tutaonekana kama ndizi mbili.

"Ndizi zilizoiva," akasema. "Za kijani zimeshapita."

Ilikuwa twende Jumamosi. Lakini juma hilo la mwisho lilianza bila mapumziko tuliyoahidiwa, nami tangu Jumatatu nikawa nawakumbusha wazee wenzangu. Alhamisi asubuhi, Merle akakatiza kiwanja chetu.

Hapa lazima mnielewe. Kambini mtu hakatizi kiwanja cha mwenzake. Hata mlevi huzunguka. Kile kipande cha nyasi kati ya meza na ngazi ndicho sebule yako, chumba chako, heshima yako. Nimeona wanaume wakishikiana mashoka kwa sababu ya mtu aliyepita njia ya mkato kwenda bafuni.

Merle alipita katikati. Kiti cha Glenda alikisukuma kwa goti. Fulana za njano zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, akazisogeza usoni kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Nasikia umewaambia wazee waweke mifagio chini," akasema.

"Nimewaambia wakumbuke walichoahidiwa."

"Unadhani uko Akron."

"Akron angalau walitulipa kwa kutunyanyasa."

Jirani yetu Clovis Hebert, mzee wa Louisiana mwenye nyonga ya chuma, alikuwa amekaa mlangoni pake na kikombe cha kahawa. Akacheka puani. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoniponza.

"Juma hili hakuna mapumziko," Merle akasema. "Vyoo vya upande wa mashariki, wewe na mkeo, mpaka Jumapili."

"Jumamosi tunakwenda Larkhaven. Uliahidi mwenyewe, mbele ya watu."

"Niliahidi. Sasa naahidi vingine."

"Basi hatusugui. Na wengine hawasugui. Waulize."

Hakuuliza. Chini ya gurudumu la nyumba yetu kulikuwa na kabari ya mti, ile inayozuia tairi lisijiondokee. Akainama akaichomoa. Nilijua anakwenda kunipiga, na nilijua namna ya kumzuia. Bega la kushoto, goti, kiwiko. Nilijifunza hayo kwenye lango la kiwanda, na waliobeba marungu upande wa pili walikuwa wakubwa kuliko Merle.

Mikono yangu ikawa imekufa.

Kabari ikanipata kwenye shavu. Nikasikia jino likitoka kabla sijasikia maumivu. Nikaweka mikono nyuma, kidole kwa kidole, kama mfungwa.

"Nipige," Merle akasema. "Si wewe shujaa wa migomo? Nipige moja tu. Ukinigusa, unajua unakwenda wapi."

Maneno yale yakaniumiza kuliko mti. Kifungo changu cha nje sikumwambia mtu yeyote kambini. Nani alimwambia?

Pigo la pili lilikuwa la mbavu. La tatu lilinipigisha magoti. Damu ikadondoka kwenye nyasi zangu mwenyewe, kwenye sebule yangu mwenyewe, na wazee wenzangu, wale niliowahubiria mshikamano tangu Jumatatu, wakasimama kila mmoja kwenye mpaka wa kiwanja chake wakatazama. Hakuna aliyekatiza. Ndiyo adabu ya kambi.

Clovis peke yake aliinuka akaja na nyonga yake, akasimama katikati yetu na kikombe mkononi.

"Merle," akasema, "ukimaliza kumpiga mtu aliyefunga mikono, mimi pia siwezi kujikinga, nimeshika kikombe. Unanionaje?"

Merle akaitupa kabari chini.

"Mnahama," akaniambia. "Kiwanja cha mwisho, karibu na shimo la kumwagia vinyesi. Leo hii. Usipohama, unatoka nje ya geti, na tiketi nampa mwingine."

Akaondoka, na akakatiza tena palepale.

Clovis akaniinamia. "Virgil, meno ya chini ni yako au ya kununua?"

"Yangu."

"Basi moja liko pale karibu na mguu wa kiti. Usilikanyage, utaliua mara mbili."

Nilipoinua kichwa nilimwona Glenda kwenye ngazi. Hakulia, wala hakuja kunifuta damu. Alikuwa amesimama na mkono wa kushoto ameushika kwa mkono wa kulia, akiangalia njia aliyopita Merle.

"Washa gari," akasema. "Tunahama."

"Glenda, nilishika kiapo."

"Nimeona. Nimeona kila pigo. Washa gari, mume wangu."

Utulivu ule ningepaswa kuuogopa.

Nyumba ya magurudumu hairudishwi nyuma na mtu mmoja. Dereva haoni kitu. Anaona ukuta mweupe unaomfuata. Anayeona ni mke. Anasimama nyuma upande wa kushoto, mahali ambapo mume atamwona kwenye kioo, na mume anaitii mikono yake tu. Viganja vikiita, njoo. Mikono ikipishana kifuani, simama. Watu wengi wameachana kwa sababu ya jambo hili. Sisi hapana. Kwenye kioo kile sijawahi kubishana na Glenda. Akiita, naenda. Akipishanisha mikono, nakanyaga breki hata kabla sijajua kwa nini.

Kiwanja cha mwisho kilikuwa kibaya. Kilibinuka upande mmoja na kilinuka. Nyuma yake kulikuwa na nguzo fupi ya chuma yenye umeme na bomba la maji. Nikaiweka pikapu sawa, nikashusha dirisha, nikatema damu nje, nikaangalia kioo.

Glenda alikuwa pale. Viganja vikaanza kuita.

Njoo.

Nikaachia breki. Taratibu, kama siku zote. Jicho moja lilishaanza kuvimba, kwa hiyo nilimtazama kwa moja lililobaki. Sikuona kitu kingine. Naapa kwa pete ileile, sikuona kitu kingine ila mikono yake.

Njoo. Njoo.

Nyuma kukasikika sauti. Haikuwa kubwa. Mtu aliyefanya kazi kiwandani anaijua, ni sauti ya kitu laini kuingia kati ya vitu viwili vigumu. Kisha ukafuata ukelele ambao sikuujua ni wa mwanamume au mwanamke.

Nikaangalia kioo ili nione mikono ikipishana.

Haikupishana. Viganja vilikuwa bado vinaniita.

Nikakanyaga breki mwenyewe. Nasema mwenyewe, kwa sababu ni mara ya kwanza maishani mwangu kusimama bila amri yake. Nikashuka, nikakimbia nyuma huku mbavu zinanichoma.

Merle Tackett alikuwa amebanwa kati ya bampa ya nyumba yangu na ile nguzo. Bampa ilimshika pajani. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii, na suruali ilikuwa inajaa damu kama kitambaa kinavyonyonya maji. Mikono yake ilikuwa inapapasa ukuta wa nyumba yangu, ikiacha alama nyekundu kwenye rangi nyeupe. Mdomo uko wazi. Sauti ilishakwisha.

"Vuta mbele, Virgil," Glenda akasema. "Polepole. Mabakuli yangu yako kabatini."

Mabakuli. Mtu anakufa, yeye anasema mabakuli.

Nikavuta mbele. Merle akaanguka kama gunia. Clovis akafika, akavua mkanda wake, akaufunga juu ya paja na kuukaza mpaka mishipa ya shingo yake mwenyewe ikasimama. Noreen alikuja mbio na funguo zake za vyoo zikilia kiunoni, akamwona mumewe, akanirukia usoni kwa kucha. Sikumzuia. Shavu lililobaki zima akalimaliza yeye.

"Mwuaji," akasema. "Kila mtu alimwona akikupiga asubuhi. Kila mtu anajua kwa nini."

Na ni kweli. Ningekuwa mimi ndiye mtazamaji, ningesema hivyohivyo.

Gari la wagonjwa likaitwa, na askari wa kaunti. Nikamshika Glenda bega nikamwingiza ndani. Niliwaza kuwa ni uzee. Niliwaza macho yake, moyo wake, dawa mpya. Nilikuwa ninatafuta maneno ya kumwambia kwamba mtu yeyote anaweza kukosea.

Akanawa mikono. Akaivua blauzi yake ya kazi, akachukua fulana ya njano akaivaa. Alipoinua mkono wa kushoto nikauona.

Kutoka kiwiko kwenda juu, ngozi ilikuwa ya zambarau. Alama nne upande mmoja, moja upande mwingine. Vidole vya mtu.

Tangu Jumatatu alikuwa anavaa mikono mirefu kwenye joto la Florida. Nilipomwuliza, alisema mlingoti wa turubai letu la kivuli ulimwangukia. Nikaamini, nikatoka kwenda kuwahubiria watu juu ya dhuluma.

Jamani. Mimi niliyejua jeraha la kila mfanyakazi wa Akron kwa jina, sikuliona la mke wangu mezani.

"Nani?" nikamwuliza, ingawa nilishajua.

"Chumba cha kufulia. Nilimwambia Jumamosi ni yetu, akanikamata mkono akausokota mpaka nikapiga magoti." Alisema kama anayeeleza mapishi. "Nikamsihi, Virgil. Nikamwambia, tafadhali usimchokoze mume wangu, ana kifungo cha nje, akikupiga watamfunga. Nilidhani atakuwa na utu. Akacheka. Akasema basi nifunge mdomo, kwa sababu nikikuambia, wewe utampiga, watakufunga, na mimi nitawaona wale farasi kaburini."

"Kwa hiyo ni wewe uliyemwambia."

"Ni mimi niliyempa kamba. Leo nimemwona anakufunga nayo."

Nje, king'ora kikaingia kambini.

"Glenda. Pale nyuma. Hukumwona?"

Akajiangalia kwenye kioo kidogo juu ya sinki, akainyoosha fulana.

"Nilimwona," akasema.

Hatukupata muda wa neno lingine. Mlango ukagongwa.

Askari aliitwa Ocasio, binti mdogo, sauti ya upole, macho yasiyo ya upole. Akanitoa mpaka nyuma ya nyumba, pale kwenye alama za mikono ya Merle. Wahudumu walikuwa wanamweka Merle kwenye machela mbele ya gari lao. Pikapu yangu ilikuwa bado inanguruma; nilivyoivuta mbele sikukumbuka kuizima.

"Mzee wangu," Ocasio akasema, "nimeangalia jina lako. Georgia wanakujua."

"Wananijua."

"Jirani yako anasema ulipigwa asubuhi na hukuinua mkono."

"Mwambie namshukuru."

"Sasa nieleze. Ulikuwa unarudi nyuma. Nani alikuwa anakuongoza?"

Msomaji, nimekaa mbele ya wanasheria wa kampuni, nimewajibu mpaka wakaomba maji. Sheria nilijifunza mwenyewe kwenye maktaba ya mtaa wakati wa mgomo, nikiwa na njaa. Najua kabisa mtu anapotakiwa kunyamaza.

"Hakuna aliyeniongoza," nikasema. "Nilimwona Merle kwenye kioo, nikarudi nyuma makusudi. Mke wangu alikuwa ndani."

Clovis, aliyekuwa ameketi chini na damu mpaka viwiko, akainua kichwa akaniangalia.

Juu ya bega la askari nilimwona Glenda akishuka ngazi na fulana yake ya njano. Alikuwa amenisikia. Akasimama kwenye nyasi, akakunja ngumi mbili, akapishanisha mikono kifuani.

Simama.

Miaka yote hiyo, akifanya hivyo nakanyaga breki. Safari hii niliitazama mikono yake na nikaendelea.

"Makusudi," nikarudia. "Andika hivyo, binti yangu." Nikanyoosha mikono.

Ocasio akatoa pingu. Ya kwanza ikalia kwenye mkono wangu wa kulia. Alikuwa anautafuta wa kushoto Noreen alipofika, akitokea kwenye machela ya mumewe, uso wote umelowa machozi.

"Mwache huyo," Noreen akasema.

"Mama, nitakuja kwako, subiri."

"Nasema mwache. Merle amezinduka. Amesema." Akanyoosha kidole kwenye ngazi zetu. "Hakwenda pale nyuma kwa hiari yake. Yule bibi alimwita. Alimwambia bomba limekaza, na mkono wake unauma, hawezi kulifungua. Merle akacheka, akainama kumfungulia. Alipogeuza shingo alimwona amesimama wima, analiita gari."

Clovis akajifuta mikono kwenye nyasi, taratibu, kidole kwa kidole.

Ocasio akaniachia, pingu ya pili ikining'inia. Akageuka kumtafuta Glenda pale kwenye nyasi.

Glenda hakuwepo.

Pikapu ikabadili mngurumo. Mlango wa dereva ukafungwa. Glenda, ambaye hajawahi kuliendesha gari lile hata kutoka juani kwenda kivulini, alikuwa ameketi nyuma ya usukani, na nyumba yetu yote imefungwa nyuma yake, na geti la kambi liko wazi mbele yake.

Nilikuwa nimesimama nyuma, upande wa kushoto. Mahali pake.

Nikainua macho, na kwenye kioo cha pembeni nikauona uso wake na ukosi wa njano. Kiganja kimoja kikatoka dirishani, kikaanza kuniita, polepole, bila haraka yoyote.

Njoo.

Askari alikuwa ameshapeleka mkono kwenye bastola kiunoni.

Njoo, Virgil. Njoo.